Siku Tisini Bila Kukimbia

Kwa fundi wa nguo, nyuma ya soko,
Kangemi,
Nairobi.

Jumapili, 9 Septemba 1973

Mpendwa shemeji Mutiso,

Nakusalimu wewe na dada yangu Philister na wapwa zangu wote, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta mnapumua vizuri. Goti la Philister linaendeleaje? Mvua ikinyesha Kisumu huwa linamvimba, nalijua goti hilo tangu tukiwa wadogo. Mwambie asibebe maji. Na yule mtoto wa mwisho, kikohozi kimemwacha? Mpeni asali ya kweli, si ile ya chupa za dukani.

Mke wangu Peres yuko salama nyumbani Kabiria pamoja na wasichana. Karakana ya Hurlingham inaendelea, mafundi ni saba sasa, na wiki hii tunamaliza meza kumi na mbili za ofisi. Kuhusu mimi mwenyewe nitaandika nikifika mahali pake.

Usishangae kuona anwani ya Kangemi. Sijahama. Nalala hapa kwa fundi wa nguo, binamu yake Tobias wa huko Kisumu, tangu tarehe 19 Agosti, na nitalala hapa mpaka Jumapili ijayo. Barua yako ya tarehe 27 niliipata. Unasema umesikia kuna maneno, kwamba unaona ni jambo dogo, kwamba utapita dukani kwa Tobias ukitoka kazini umweleze na yaishe. Shemeji, kabla sijaandika lingine lolote nakuomba: usiende.

Najua hukufanya kwa ubaya. Lakini nitakueleza kila kitu kwa mpango wake, kwa sababu wewe ni Mkamba, umeoa kwetu miaka kumi na tisa, na bado kuna mambo yetu ambayo hakuna mtu aliyewahi kukaa chini akakwambia. Hilo ni kosa letu. Lililobaki ni lako.

Baba yangu alikufa akiwa na miaka arobaini na saba, na jembe mkononi. Baba mdogo alikufa na arobaini na tano. Zedekiah, ndugu yangu, unakumbuka mwenyewe, Novemba 1970, miaka arobaini na minne, alikuwa anapiga randa ubao wa kabati, akasema anasikia kiu, akakaa chini, basi. Jumlisha hao watatu, gawanya kwa tatu. Unapata miaka arobaini na mitano na miezi minne. Mimi nilipiga hesabu hiyo siku ya matanga ya Zedekiah, watu wakila. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na nusu.

Nilienda kwa yule daktari Mhindi aliye karibu na karakana. Alinipima ratili 211. Presha ilikuwa 190 juu na 115 chini. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia seremala. Akanishika mkono, akasema huu si mkono wa seremala, huu ni mkono wa mtu anayewaangalia maseremala. Ilikuwa kweli. Nilikuja mji huu mwaka 1949 na msumeno mmoja, nikala ugali na chumvi, na nilipopata watu wa kunifanyia kazi nikanenepa kama aliyelipwa kwa kunenepa.

Nilianza Jumapili tarehe 24 Januari 1971. Kutoka mlangoni mpaka kanisani, hatua mia tatu na kumi, nikatapika. Kufikia Pasaka nilikuwa nafika Dagoretti Corner na kurudi. Mwaka huu nilikuwa naenda maili nne na nusu kwa dakika arobaini na moja. Ratili zikashuka mpaka 168. Presha ikawa 140 kwa 88. Mapigo ya moyo nilipoamka yalikuwa tisini na mawili. Yakafika hamsini na manane. Daktari alidhani saa yake imeharibika.

Pamoja na hayo unajua niliacha chumvi kabisa, na asubuhi nilikunywa vikombe viwili vya maji moto na kitunguu saumu kibichi, na kuoga maji baridi uani, na kila tonge nililitafuna mara thelathini. Peres alikuwa akisema anakula na ng'ombe. Ulicheka ulipokuja Pasaka hii, na mimi nilikuacha ucheke, kwa sababu mwenye miaka arobaini na sita nilikuwa mimi, tayari nimemshinda Zedekiah kwa miwili na baba mdogo kwa mmoja.

Sasa sikia kwa nini nilikimbia alfajiri, maana hili hukuniuliza. Mwanzoni, siku za kazi, nilikuwa nikikimbia jioni, kipande kwa kipande, kutoka karakana kurudi nyumbani. Siku ya nne, hapo Hurlingham, mama mmoja akaona Mwafrika anakimbia amebeba kifurushi, akapiga kelele ya mwizi. Kifurushi kilikuwa suruali yangu. Walinifuata watu ishirini na zaidi. Askari wa lango fulani alinipiga rungu begani, na kovu lipo, Peres ni shahidi, yeye ndiye aliyenikanda. Walipoona karatasi zangu na jina la karakana, mmoja wao aliniambia, "Mzee, sasa unakimbia nini na hakuna anayekufukuza?" Nikavaa suruali yangu nikaenda nyumbani. Nikahamia saa kumi na moja na robo asubuhi, wakati wenye kupiga kelele wamelala.

Shati nililiacha kwa sababu jasho lilinitoa upele kifuani. Na mawe, mawili, ratili tatu kila moja, niliyapima kwenye bucha la Wahome, nikayashika mikononi nikikimbia ili mikono irudi kuwa ya seremala. Wewe mwenyewe uliyanyanyua ukasema ni mazito.

Shemeji, kwetu sisi yuko mtu anayeitwa jajuok. Si mwizi, si mwendawazimu. Mchana ni mtu kama wewe, anaweza kuwa mzee wa kanisa. Kukiwa giza anatoka bila nguo anakimbia kwenye maboma ya watu, na mkononi ana mawe ya kutupa juu ya mabati. Hafanyi kwa kupenda. Anazaliwa nalo. Asipokimbia anaugua. Na kubwa kuliko yote, liko katika damu: binti yake akiolewa analipeleka kwenye nyumba alikoolewa, na watoto wake wanalo. Kwa hiyo kabla ya kuoa, watu wa mvulana hutuma wazee kuulizauliza. Hawaulizi kama msichana anajua kupika. Wanauliza hilo.

Unaona sasa ulikuwa umeketi na nani mwezi wa saba, pale alipokukaribisha soda Tobias, mjomba wa huyo Dalmas anayemposa binti yangu Phoebe. Alikuuliza habari za nyumba ya mke wako, nawe kwa moyo wako mweupe ukanisifu. Nimeambiwa maneno yako na watu wawili, nao wamelingana: "Huyo shemeji yangu ni chuma. Kabla jua halijatoka yuko barabarani, kifua wazi, jiwe huku na jiwe huku, hakuna siku anakosa." Sikukosea hata neno, sivyo? Kila neno ni kweli. Ningekuwa nakulipa unisifu nisingepata vizuri zaidi.

Walikuja Kabiria Jumamosi tarehe 18 Agosti, Tobias na wazee wawili. Peres alikuwa amepika kuku wanne. Walinawa mikono, wakakaa, wala hawakugusa chakula. Peres alirudi jikoni hakutoka tena. Yeye alielewa kabla yangu.

Tobias ni mtu mpole, simchukii. Aliniita baba Phoebe kwa heshima yote.

"Baba Phoebe, tumesikia wewe ni mtu wa mazoezi."

"Nakimbia," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na robo."

"Umevaa?"

"Kaptula na raba."

"Na mawe ni ya nini?"

"Ya mikono."

Mzee mmoja akakohoa akaangalia dari. Hapo nikashtuka, nikajua kinachoulizwa. Na mimi, shemeji, mtu ninayejivunia hesabu, nikafanya kitu cha kijinga kuliko chote nilichofanya tangu nizaliwe. Nilienda chumbani nikaleta daftari. Daftari langu la kukimbia, kila siku imeandikwa, maili, dakika, mapigo, ratili. Nilidhani tarakimu zitanitetea. Mchawi gani anaandika dakika zake?

Tobias alivaa miwani akafungua polepole. "Hizi ni siku ngapi?"

"Mia tisa thelathini na nane."

"Hakuna uliyoruka?"

"Hakuna."

"Hata Krismasi?"

"Hata Krismasi."

"Hata siku ile mlipomzika mama yako kule nyumbani?"

Nilikimbia siku ile. Imeandikwa, maili mbili tu, kwa sababu ya wageni.

"Na ukiacha, baba Phoebe?"

Nikajibu kama daktari alivyoniambia. Nikasema, "Nikiacha nitakufa."

Alifunga daftari akaliweka juu ya meza taratibu, kama mtu anavyoweka kitu cha watu wengine. Yule mzee aliyekohoa akasema kwa sauti ya chini, "Amesema mwenyewe." Nikamleta daktari kwenye maneno, presha, baba yangu, Zedekiah. Tobias akasema, "Daktari ni Mhindi. Mambo yetu atayajulia wapi?" Na vifo vya watu watatu nilivyovitaja kujitetea, nao waliviandika upande wao. Nyumba ambayo wanaume hawafiki miaka hamsini, wanataka kujua kwa nini.

Phoebe alikuwa mlangoni amebeba birika ya maji ya kunawa. Alisikia yote. Ana miaka ishirini na miwili, anapiga chapa katika ofisi ya mawakili, maneno sitini kwa dakika. Yeye na Dalmas wamengojana miaka minne mpaka kijana akamaliza chuo cha ualimu. Dalmas hayaamini mambo haya, ameniandikia hivyo kwa mkono wake. Lakini Tobias ndiye aliyemlea na kumsomesha, naye hawezi kuoa akimpa mgongo. Na nyuma ya Phoebe wako wasichana wengine wawili. Tobias na wazee wake wakiondoka na neno lile mdomoni, hakuna atakayekuja tena mlangoni pangu, labda mtu asiye na habari kama wewe zamani.

Basi tukakubaliana. Jajuok hawezi kuacha. Mimi nikiweza kuacha, basi si jajuok. Majuma manne nilale Kangemi machoni pa binamu yao, halafu nirudi kwangu nisikimbie tena mpaka harusi, tarehe 8 Desemba. Nisipokimbia na nisipougua, Phoebe anaolewa. Tobias aliyasema hayo mawili kwa pamoja, kama ni kitu kimoja. Nisikimbie, nisiugue.

Tulipeana mikono. Kuku waliliwa na majirani.

Huyu fundi wa nguo si mtu mbaya. Chumba ni futi kumi kwa kumi, yeye analala kwenye mkeka mlangoni na mimi amenipa kitanda. Lakini miguu yangu imezoea. Ikifika saa kumi na moja inaamka yenyewe, inatikisika chini ya blanketi, nami naikamata kwa mikono miwili. Anasikia. "Mzee Ajwang, lala, hata jogoo bado anafikiria," ananiambia, anacheka, na mimi nacheka. Kisha kwenye giza namsikia hajalala tena.

Chumvi nakula. Mgeni anayekataa chumvi atawaambia nini? Kitunguu saumu nimeacha, kwa sababu mke wake aliniuliza kama ni dawa ya kujipaka au ya kunywa. Kuoga uani alfajiri, hapana. Kutafuna mara thelathini nimepunguza hadi kumi. Kwa hiyo unaona, hawakunikataza kitu kimoja, nimenyang'anywa vyote, na vingi nimejinyang'anya mwenyewe.

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Juzi Ijumaa nilipitia kwa daktari nikitoka karakana. Ratili 177. Presha 182 juu, 112 chini. Alipima mara tatu. Akaniuliza, "Ajwang, nani amekwambia uache?" Nikamwambia ni mambo ya harusi. Alidhani nakula sana kwenye sherehe. Ameongeza vidonge, vinanizungusha kichwa, navimeza karakana ili fundi asivione. Mkono wa kushoto unakufa ganzi nikiamka. Juzi nilishika kaunta ya duka kwa dakika nzima nikijifanya nasoma bei. Nilimuuliza daktari, hivi hivi nilivyo, nina miezi mitatu? Hakupenda swali. Akasema, rudi barabarani kesho, kesho hiyohiyo, tutazungumza. Nikasema haiwezekani. Akasema basi yeye hawezi kuniwekea sahihi ya miezi mitatu, wala ya mmoja.

Kutoka kesho mpaka harusi ni siku tisini.

Wala siwezi kulalamika. Nikisema kichwa kinaniuma, watasema unaona, hajakimbia, anaugua. Kwa hiyo jioni nikirudi nachekesha watu. Leo kanisani nilisimama nyimbo zote tatu, hata ule wenye beti tisa. Fundi alikuwa anaangalia shingo yangu. Alibaki huko kwa mkutano wa wazee, ndiyo maana nimepata nafasi ya kukuandikia.

Phoebe alikuja kuniona Jumatano, akaniambia, "Baba, mimi nitamwacha. Rudi nyumbani ukimbie." Alisema hivyo akiwa ameshika mkoba kwa mikono yote miwili, wala hakulia. Hajui tarakimu za daktari. Anadhani nakosa raha tu. Nikamwambia asinitukane, mimi si mzee wa kushindwa kukaa kitako miezi mitatu. Akacheka kidogo. Nimeiweka ile sura yake ya kucheka, naifikiria miguu ikianza.

Nimepima pande zote mbili. Nikikimbia, naweza kufika miaka sitini, na wasichana watatu wanazeeka nyumbani kwangu wakisikia jina langu likisemwa kwa sauti ya chini sokoni. Nisipokimbia, huenda nikafika tarehe nane Desemba na huenda nisifike, lakini wao wanapita. Sioni hesabu nyingine. Kama unayo usiniandikie, nimechoka nayo.

Sasa hili ndilo ninalokuomba, nalo nakuomba wewe wala si mwingine.

Kivuva, msimamizi wangu karakana, mtu wa kwenu, nimemweleza. Ikitokea nikaanguka, popote nitakapoangukia, yeye atasema rundo la mbao za mvule liliniangukia kifuani, na mafundi wawili watasema waliona. Mbao zimeshapangwa vibaya makusudi, zimefika futi saba. Phoebe hataambiwa vingine. Peres hataambiwa vingine, maana akijua atalia kwa namna ya mtu anayejua. Ajali ni ajali. Mtu wa ajali hakuugua.

Lakini Tobias hatamwamini Kivuva, hamjui. Atakuuliza wewe. Atakukaribisha tena soda, atakuuliza kwa upole, kwa sababu mara ya kwanza ulimwambia kweli tupu na anakuona mtu usiyejua kuficha. Ulimi wako ulipeleka ukweli Kisumu ukatuharibia nyumba. Sasa nataka ubebe uongo mmoja. Utasema: zilikuwa mbao. Utasema: nilimwona wiki iliyopita, alikuwa mzima kama ng'ombe, alikuwa amenenepa. Usiongeze sifa. Usiseme chuma. Sema zilikuwa mbao, halafu unywe soda yako.

Na siku ya harusi, kama sipo, wewe ndiye utamshika Phoebe mkono mpaka mbele. Usimkubalie yeyote aahirishe zaidi ya zile siku za matanga.

Philister asiione barua hii. Ni dada yangu, atapanda treni usiku huohuo, na akifika hapa analia, mambo yote yameharibika. Ukimaliza kusoma ichome jikoni kwako mwenyewe, si kazini kwako stesheni.

Kama nikifika tarehe nane, tutakutana kanisani na sitalitaja jambo hili tena maisha yangu yote, wala wewe usilitaje. Lakini sitaficha kwamba nimekukasirikia. Nimekukasirikia sana. Najua pia kwamba katika watu wangu wote hakuna mwingine ambaye Tobias atamwamini, kwa hiyo hasira nimeiweka kando ifanye kazi.

Nisalimie wapwa zangu wote, yule mkubwa mwambie aendelee na hesabu. Msalimie mama yako huko Machakos ukimwandikia. Philister mwambie kaka yake anakula vizuri na hatoki kitandani mpaka jua linatoka. Hilo si uongo. Mungu awafunike nyote na awape miaka ambayo sisi wa kwetu hatukupewa.

Fundi amerudi, anakung'uta viatu nje. Nafunga.

Mimi shemeji yako, nikupendaye pamoja na yote,

Zadock Ajwang